Kamera ndogo kwa laki sita: Kodak mpya, IXUS ya mtumba au Sony RX100 ya kwanza?

Oya wadau, mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli. Leo mezani nina kamera nne, na moja naomba tuimalize mapema maana inanikera hata kuitazama. Hii hapa. Imeandikwa 48MP, imeandikwa 4K, imeandikwa zumu 16X kwa maandishi ya dhahabu, jina la kampuni hata ukilisoma mara mbili hulikumbuki, mdau mmoja kaagiza mtandaoni akaniletea niipime. Angalieni kitu kimoja tu. Nabonyeza zumu... mnaiona lenzi? Haijatoka. Haijasogea hata kidogo. Hiyo sio zumu, hiyo ni kukata picha na kuivuta, simu yako inafanya hivyo bure. Na hizo megapikseli 48 ni za kupachika, sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, programu ya ndani ndiyo inatanua faili. Flashi nayo ni kitaa cha LED, tochi hiyo jamani. Ukiikuta dukani rudisha kwenye kioo uondoke, hata muuzaji akikuita bosi. Dogo, toa hii mezani.

Sasa tuje kwenye zenye akili. Wengi kwenye komenti mmeniambia mfukoni mna laki tano, laki sita, mnataka kamera ya mfukoni ya sherehe, safari, birthday ya mtoto. Nimeweka Kodak PIXPRO FZ55 ambayo unaipata mpya, Canon IXUS 185 ya mtumba, na Sony RX100 ile ya kwanza kabisa ya 2012, nayo mtumba. Bei za Kariakoo sizisemi kwa uhakika maana zinacheza, dola ikikohoa na zenyewe zinapanda, ila kwa laki sita ukibageni vizuri zote tatu zinaguswa. Na msinianzie habari za Canon G7 X Mark III, naijua, naipenda, ilitoka 2019 kwa dola kama 750 na mpaka leo badala ya kushuka imepanda, kisa TikTok. Kamera ikizeeka inapanda bei! Tuachane nayo.

Megapikseli siongelei, mtazisoma kwenye boksi. Ninachotaka mkione leo ni flashi. Maana tuseme ukweli, mchana, jua la Dar hili, simu yako ya kati tu inaweza kuzipiga bao Kodak na hiyo IXUS, sensa zao ni zile ndogo za milimita sita kwa nne na kitu, simu nyingi za sasa zina kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo kama unapiga picha za ufukweni saa tisa alasiri, kunja hela yako. Lakini usiku? Send-off, kitchen party, ukumbi una taa za zambarau na DJ kazima nusu ya taa? Hapo ndio simu inaumbuka.

Ngoja niwaonyeshe. Dogo zima taa, acha hiyo ya korido. Shika kanga, zunguka nayo kama uko kwenye ngoma, haraka, haraka zaidi. Napiga na simu, flashi imewashwa. Haya tazama skrini... kanga imekuwa moshi, mkono wa dogo una vidole nane. Kwa sababu flashi ya simu inawaka na kubaki inawaka, haina nguvu, kwa hiyo simu inalazimika kuacha shata, lile pazia la mwanga, wazi muda mrefu na kila kinachocheza kinajivuta. Sasa Kodak, zungusha tena... pah! Nazumu kwenye picha. Mnasoma? "Wema hauozi." Kanga ilikuwa hewani inazunguka na maandishi yanasomeka! Hii ni flashi ya xenon, ina kapasita inakusanya umeme, halafu inautema wote kwa mpigo mmoja wa kama sehemu ya elfu moja ya sekunde au chini ya hapo, ndani ya muda huo kanga haijaenda popote. Ndio maana ukishapiga unasubiri kidogo kabla ya kupiga tena, inajaza. Hilo la kusubiri kwenye IXUS linaudhi, narudi huko.

Ila tazama hiyo hiyo picha vizuri. Paji la uso la dogo linang'aa kama sufuria jipya, na nyuma yake ukuta wote umepotea, giza. Kuna wanaoitafuta hiyo hiyo, wanasema ndio mwonekano wa picha za albamu za zamani, sawa, kwenye Instagram inapendeza. Mama wa bibi harusi haipendi, atakuuliza kwanini umemtoa jasho.

Sasa njoo hapa, sogeza kamera karibu dogo, waone kidole changu. Hii Sony, nikichagua flashi kwenye menyu inaruka yenyewe juu, taa iko kwenye kimkono chenye springi. Nakichukua kidole cha shahada, nakivuta kimkono nyuma taratiiibu, sasa hivi taa inatazama dari. Usilazimishe, inakuja yenyewe, ukisikia imegoma iache hapo. Nashikilia, napiga. Pah. Oneni! Mwanga umekwenda juu, umedunda kwenye jipsamu nyeupe, umeshuka kwa dogo kutoka juu, uso una rangi yake, kivuli laini chini ya kidevu, na ukuta wa nyuma unauona, kalenda unaiona, hadi ile nyaya niliyosahau kuificha unaiona. Kamera ya mfukoni hii! Wapiga picha wa harusi wanafunga flashi kubwa juu ya kamera ili wafanye jambo hili hili. Nirudie bila kuvuta... ona, sufuria limerudi. Navuta... limeondoka. Ningeweza kukaa hapa mpaka kesho nafanya hivi.

Masharti yapo. Dari iwe nyeupe na isiwe mbali. Ukidundisha kwenye dari ya kijani watu wote wanatoka wagonjwa wa ini, na kwenye yale mahema ya sherehe yenye vitambaa vya pinki, wote mnakuwa pinki. Nje chini ya nyota hakuna dari, acha kidole. Na flashi yenyewe ni ndogo kwa hiyo kamera inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, kufidia, hapo sasa ndio ukubwa wa sensa unalipa, hii ina sensa inayoitwa ya inchi moja, kipimo halisi milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni kama mara nne ya kila mmoja wa wale wawili, chenga, vile vidoadoa kwenye picha za gizani, zinakuja lakini za kuvumilika. Lenzi inafunguka hadi f/1.8 ukiwa hujazumu, namba hiyo ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi. Ukizumu mpaka mwisho inabana hadi f/4.9, kwa hiyo usiku usizumu, sogea kwa miguu.

Subiri, kabla sijasahau, habari za chaneli. Kuanzia wiki ijayo video zinapanda Ijumaa jioni badala ya Jumapili, wengi mmesema Jumapili mko kwenye mpira. Na yule anayesema sauti ilikuwa chini, nimebadilisha maiki, niambie sasa hivi unanisikiaje. Kama hujasabskraibu bonyeza hapo, haikatwi salio.

IXUS 185 sasa. Inapendwa kwa sababu ya sensa ya CCD, aina ya zamani ya sensa, vijana wamejaa mtandaoni wanasema CCD ina rangi za ajabu, na mimi nakiri rangi zake ni tamu, ngozi zetu inazitoa na wekundu fulani mzuri. Ila sio uchawi wa CCD peke yake, mapishi ya rangi ya Canon ndani ya kamera yanachangia sana. Kinachonichosha ni uvivu. Unapiga, unasubiri, keki imeshakatwa. Video ni 720p, leo hii! Wanaoipandisha bei kwa sababu ni "Y2K", yaani mtindo wa miaka ya 2000, wakati imetoka 2017 mimi siwaelewi. Ukiipata kwa laki mbili na nusu chukua, kwa laki tano mwachie.

Kodak nayo, watu wanauliza si ilikufa? Kodak yenyewe, hao hao ambao injinia wao Steven Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali 1975, walifilisika Januari 2012 na wakaacha kutengeneza kamera. Hizi PIXPRO zinatengenezwa na JK Imaging waliokodi jina. Sio mbaya hata kidogo, ni mpya, unapewa risiti, mama yako anaiwasha na kupiga bila kukupigia simu. Mwanzo nilipanga kuisifia hii kuliko zote leo, ila nimeshika tena Sony hapa mbele yenu na, aisee, siwezi.

Lakini Sony ya mtumba ina mitego. Haina Wi-Fi, utahitaji kadi rida ya kuchomeka kwenye simu. Haina tundu la maiki, skrini haikunjuki, kwa hiyo ninyi mnaojirekodi video haiwafai. Bodi yake inateleza, vaa kamba mkononi siku zote, hasa kwenye daladala. Ukienda kuinunua nenda na memori kadi yako na betri iwe imejaa, usikubali "itawaka ukiichaji nyumbani". Iwashe na kuizima mara kadhaa usikilize lenzi, ikikwaruza au ikitoka upande hicho ni kimeo. Weka f/11 upige karatasi nyeupe, ukiona madoa meusi basi vumbi limeingia ndani na fundi atataka hela. Halafu flashi iruke yenyewe, na uivute kwa kidole kama nilivyofanya. Isiporuka, mrudishie mwenyewe.

Swali la mwisho nililoliona hapa, je kwa laki nne tu? Kodak, boksi jipya, usihangaike. Ukiwa na sita na uvumilivu wa kuzunguka Kariakoo ukisumbua watu, Sony. Wiki ijayo ni Canon SX740 na zumu yake ya 40X, hiyo lenzi inatoka kweli, nitaipiga kutoka Kigamboni tuone kama tutasoma mabango ya upande wa pili. Dogo, washa taa.