EMG ya koo (kipimo cha umeme wa misuli ya sauti): sindano yenyewe si kitu, shughuli ni mate

Jamani hata mi niliposikia "sindano ya shingoni" usiku sikulala. Nilitolewa tezi ya shingo, sauti ikabaki upepo tupu, nikinywa maji napaliwa, kamera ya puani ikaonyesha uzi wa sauti wa kushoto umeganda. Ila kamera inaona tu kwamba hauchezi, haisemi kama neva imeumia au kiungo chake ndo kimekaza, hapo ndo EMG inatakiwa.

Mi nilitaka wiki hiyohiyo, daktari akakataa, akasema neva ikiwa imeumia juzijuzi kipimo hakikupi picha ya kueleweka, nikafanya wiki ya 8. Unalala chali, mto chini ya mabega, kidevu juu, sindano nyembamba inaingilia mbele ya shingo. Ganzi ya ngozi tu. Maumivu ni kama ya kutolewa damu ila sindano inakaa humohumo, na usimeze! Aisee ukishaambiwa usimeze ndo mate yanajaa kama bomba limepasuka, nikakohoa tukaanza upya.

Mashine ina spika, yaani unasikia misuli yako. Unasema "iii", unapandisha sauti kama king'ora, unavuta pumzi puani ghafla. King'ora kilinguruma vizuri pande zote, kumbe msuli wa kupandisha sauti una neva yake nyingine. Ila "iii" upande wa kushoto ikatoa vipande vipande tu, tena hata nikinyamaza, pale panapotakiwa pawe kimya, ikawa inadondoka kama mvua ya kwanza kwenye bati. Nikajua kabla sijaambiwa.

Majibu: kiungo hakina shida, neva ndo imeumia, lakini kuna nyuzi za neva zimeanza kurudi. Nikafurahi, daktari akanipoza, eti kipimo hiki kikisema vibaya kinaaminika kuliko kikisema vizuri, maana neva inaweza kurudi ikashika msuli usio wake, na uzi wa sauti ukabaki vilevile. Basi nimedungwa dawa ya kuunenepesha uzi kwa miezi michache wakati tunasubiri, maji sasa napitisha.

Nyota 4. Moja nimekata sababu swali la dawa za kuyeyusha damu niliulizwa nishalala kitandani, na ripoti hata daktari wa kawaida hakuielewa. Tafuta sehemu ambayo wa koo na wa neva wanakaa chumba kimoja.