Tahadhari: Bidhaa Zinazouzwa kwa Jina la Yatima Jijini Tanga

Ndugu wakazi wa Jiji la Tanga, salaam. Ninaandika kuwatahadharisha juu ya watu wanaopita nyumba kwa nyumba, hasa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, wakiuza sabuni ya maji, sabuni za mche na mafuta ya nazi, kwa maelezo kwamba faida yote hupelekwa katika kituo cha kulelea watoto yatima kilichopo upande wa Pongwe. Huja wawili wawili, mara nyingi mwanamke wa makamo na kijana, wakiwa na fulana zinazofanana, vitambulisho vya kuning'iniza shingoni na albamu ya picha za watoto waliokaa mkekani wakila. Wana adabu na hawamsukumi mtu kununua, na hilo ndilo linalowafanya waaminike upesi.

Kituo wanachokitaja kipo. Sikitaji hapa kwa sababu nacho kimedhulumiwa: mlezi wake, nilipompigia simu, alinieleza kwamba hawajawahi kutengeneza sabuni wala kumtuma mtu yeyote kuwauzia, na kwamba picha zile zilipigwa na wageni waliokuja kufuturisha watoto, kisha zikasambaa bila idhini ya kituo. Kwa hiyo mtu anayeuliza tu "kituo hiki kipo?" atajibiwa kwamba kipo, naye atatoa fedha akiwa na moyo mkunjufu. Swali linalofaa ni kama kituo kinawatambua wauzaji, na swali hilo aulizwe mlezi mwenyewe kwa namba iliyopatikana kwingine, si ile iliyochapwa kwenye chupa.

Karatasi wanayoionyesha kwa haraka ni nakala ya cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Cheti hicho huthibitisha kwamba mtu amesajili jina la kufanyia biashara, basi. Hakimpi ruhusa ya kulea watoto wala kuchangisha kwa niaba yao. Makao ya watoto huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuulizwa kuhusu vituo vya eneo lake, na kumuuliza hakuna gharama.

Kuhusu malipo, hawapendi fedha taslimu. Hutoa namba ya simu, na jina linalotokea kabla ya mnunuzi kuweka namba ya siri ni la mtu binafsi. Akiulizwa, muuzaji hujibu kwamba huyo ni mhasibu wa kituo. Jina la mtu likitokea mahali ambapo lingetakiwa kutokea jina la kituo, muamala usitishwe palepale, maana fedha ikishatolewa kwa wakala ni vigumu mno kuirudisha. Baada ya siku chache aliyenunua huanza kupokea ujumbe wa kuombwa "mchango wa mwezi" kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na hapo ndipo wengi wamepoteza fedha nyingi kuliko zile za sabuni.

Bidhaa zenyewe hazina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), tarehe ya kutengenezwa wala anuani ya mtengenezaji. Sabuni ya maji ni nyepesi na rangi yake hujitenga chini ya dumu. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyonikera zaidi, kwa kuwa mkoa wetu ni wa minazi na haikutarajiwa mtu athubutu kutuuzia mafuta ya namna hiyo. Mafuta safi ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na katika jokofu huwa meupe na magumu. Ya kwao, jirani yangu aliyaweka humo usiku kucha, yakabaki majimaji. Bei yao nayo ni karibu mara mbili ya ile ya soko la Mgandini, lakini wanunuzi hawalalamiki kwa kuwa wanaihesabu ile ziada kuwa sadaka.

Sisemi watu waache kununua kwa vikundi na vituo vinavyojitegemea kwa kazi za mikono yao. Vile vya kweli humruhusu mnunuzi afike, aone panapotengenezwa bidhaa, tena huweza kumtajia ni shilingi ngapi za kila chupa zinazokwenda kwa watoto. Hawa wa kwetu husema "faida yote" na hawana tarakimu hata moja.

Ujumbe wa kuomba michango uripotiwe kwa namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeitenga kwa taarifa za utapeli. Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa muamala, atunze na chupa yenye lebo, kisha avipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa wake au kituo cha polisi cha Chumbageni, kwa kuwa malalamiko yasiyo na kumbukumbu ya malipo ni vigumu kuyafuatilia.