Springsteen peke yake, na wenzake nyuma: Greetings from Asbury Park, N.J.

Albamu hii ya Januari 1973 naisikiliza kwenye santuri, si kwenye simu. Jalada lake la kadi ya posta linastahili kushikwa mkononi.

Bruce Springsteen alipitia bendi nyingi za kwao New Jersey kabla ya kurekodi kwa jina lake. Alianza na The Castiles akiwa bado shuleni, baadaye akaongoza Steel Mill, bendi ya roki nzito. Mwaka 1972 akaenda na gitaa lake tu kwa John Hammond wa Columbia, kampuni ya kurekodi muziki, yule yule aliyemsajili Bob Dylan. Hammond alimtaka hivyo hivyo, mtu na gitaa lake. Springsteen akawaita wenzake wa zamani waje studio! Mvutano huo unasikika kila upande wa santuri, na kwangu ndio utamu wake.

Kasoro zipo. Sauti imebanwa, ngoma kama zimefunikwa blanketi. “Mary Queen of Arkansas” inaburuta mno, huwa nairuka.

Lakini “Spirit in the Night”, jamani! Iliongezwa mwishoni baada ya Clive Davis, mkuu wa kampuni, kudai nyimbo za kupigwa redioni, na saksofoni ya Clarence Clemons inaufanya usiku mzima uchangamke. Bila dai lile tungeikosa.

Kama ni mgeni kwa Springsteen, nunua kwanza Born to Run ya 1975. Hii ifuate, nawe uanzie upande wa pili.