Kabla ya kulaumu zabibu, tazama kizibo: mwongozo wa kununua mvinyo

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu mvinyo karibu wote huja na hukumu iliyokwisha kutolewa: Chardonnay haina ladha, Pinot Noir ni nyepesi mno, Riesling haifai kurudiwa. Nikiwauliza chupa ilizibwa kwa kitu gani, wengi hawakumbuki. Nina hakika baadhi ya zabibu hizo zimehukumiwa kwa kosa la kizibo.

Kwa hiyo hapa sitagusa utamu, rangi wala chakula cha kuandamana na chupa. Miongozo ya namna hiyo imejaa tele. Ninaanza na kasoro moja inayowapita wanunuzi kwa sababu haijitangazi, nayo ni TCA.

Hii ni kemikali inayozaliwa pale ukungu unapokutana na misombo ya klorini, na gome la mwaloni linalotengenezewa vizibo ni mahali pake hasa. Mwaka 1982 watafiti wa Uswisi, Hans Tanner akiwa miongoni mwao, waliihusisha na ile harufu ya kadibodi iliyolowa ambayo iliwasumbua watengenezaji kwa vizazi. Nanogramu 2 hadi 5 kwa lita zinatosha kunusika, na nanogramu moja ni sehemu ya bilioni ya gramu. Haidhuru afya, na ikiwa nyingi hata mgeni wa mvinyo hukunja pua na kuirudisha chupa.

Balaa ni ile kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walionyesha kwamba TCA hukandamiza chembe za kunusia zenyewe. Yaani inaweza isinuke kabisa, ila ikakuzuia kunusa vingine. Harufu ya matunda inatoweka, unabaki na uchachu na alikoholi, wala hakuna uvundo wa kukushtua. Mnywaji anasema zabibu hii ni butu, anaisusa moja kwa moja, na shamba lililoilea vizuri linapoteza mteja bila kujua kwa nini.

Ipo namna ya kuitambua. Mimina, kisha iache glasi itulie robo saa. Mvinyo usio na kasoro, ambao harufu yake imejificha tu, huchanua ukipata hewa, lakini wenye TCA huzidi kufa kadiri unavyokaa.

Sasa vizibo, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni Diam, na upendeleo huu siufichi. Ni kizibo cha Kifaransa kilichoundwa kwa chembechembe za gome zilizosafishwa kwa kaboni dioksidi chini ya shinikizo kubwa, mbinu ileile inayotumika kuondoa kafeini kwenye kahawa. TCA inayoweza kutoka humo haizidi nanogramu 0.3 kwa lita, kiwango ambacho pua haikifikii. Kuna Diam 5, Diam 10 na Diam 30, na namba hizo ni miaka ambayo kizibo kimekusudiwa kudumu, hivyo mtengenezaji huchagua pia kasi ya hewa kuingia. Kwa Chardonnay na Pinot Noir sioni mshindani. Zote mbili zinahitaji hewa kidogo ili zikomae, na harufu zao ni za upole, kwa hiyo TCA kidogo tu inazimaliza. Wanaolalamika kwamba si kipande kimoja cha gome wanatetea sura ya kizibo, si kilichomo chupani.

Namba mbili ni kifuniko cha kusokota, na kwa Sauvignon Blanc na Riesling kinapanda hadi namba moja. Harufu kali ya Sauvignon Blanc kwa kiasi kikubwa hutokana na misombo ya salfa ambayo oksijeni huiharibu haraka, kwa hiyo kila pumzi ya hewa unayoizuia ni faida. Watengenezaji wa Riesling wa bonde la Clare, Australia, walilijua hili. Kwa mavuno ya mwaka 2000 kundi lao lilihamia kifuniko hiki kwa pamoja, wakiagiza chupa na vifuniko kutoka Ufaransa. Nyuzilandi ikafuata mwaka 2001, na leo zaidi ya asilimia 90 ya mvinyo wake hufungwa hivyo. Anayekiona kifuniko hiki kuwa alama ya mvinyo duni amechelewa sana.

Tahadhari yangu ni kwa Syrah. Zabibu hii hukabwa kirahisi ikinyimwa hewa, na chini ya kifuniko chenye utando wa bati inaweza kutoa harufu ya kiberiti au mpira. Usiimwage. Ihamishie kwenye jagi, iache kidogo, mara nyingi itajisafisha.

Namba tatu ni gome zima, yaani kizibo cha kipande kimoja. Mwaloni wake huvuliwa gome kwa mara ya kwanza ukiwa na miaka 25 hivi, kisha kila baada ya miaka 9, na Ureno hutoa karibu nusu ya gome lote duniani. Ninauheshimu mti huo. Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia unaotokana na zabibu ya Nebbiolo, au Cabernet Sauvignon ya kuwekwa miaka 20, nitainunua ikiwa na gome zima. Amorim, kampuni ya vizibo ya Ureno, sasa hupima TCA katika baadhi ya vizibo vyake, kimoja kimoja, na hilo linastahili sifa. Lakini kwa mvinyo wa kunywewa mwaka huu, kwa nini nibebe hatari ya TCA?

Vizibo vya plastiki vya bei nafuu na vile vya vumbi la gome lililogandishwa kwa gundi: nunua kama utakunywa karibuni.

Kinachoniudhi ni kwamba mnunuzi hufichwa haya yote. Lebo itakutajia kilima, pipa na hata historia ya familia, lakini kizibo kimefunikwa shingoni na lebo yenyewe mara nyingi haikitaji. Muuzaji ukimuuliza, anakutazama kana kwamba umeuliza jina la aliyeifunga. Wapo wanaotoza zaidi kwa sababu tu chupa ni nzito na ina gome, wakati uzito wa kioo hauongezi chochote kwenye zabibu. Nimeshaambiwa na muuzaji kwamba Pinot Noir yenye harufu ya kadibodi "ndivyo ilivyo". Sivyo ilivyo! Mtu akitamka hivyo mbele ya rafu aliyopewa kuisimamia, anawafundisha wateja kuichukia zabibu nzuri.

Basi uliza kabla ya kulipa, au soma karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ambayo mara nyingi hutaja kizibo. Chupa ikiwa na kasoro, irudishe haraka, sehemu kubwa ya mvinyo ikiwa bado imo, pamoja na kizibo chake. Ukiambiwa hairudishwi kwa kuwa imefunguliwa, mjibu kwamba kasoro hii haiwezi kujulikana ikiwa imefungwa, na mwombe ainuse mwenyewe, sambamba na chupa nyingine ya aina hiyohiyo.