Nimemaliza misimu mitatu ya The Wheel of Time, na Seeker bado hajanyang'anywa kiti

Ugomvi wa tamthilia hizi mbili za uchawi aliuanzisha mpwa wangu. Ana miaka 17, anakaa kwetu Katuba, Lubumbashi, ili amalize masomo, na jioni moja ya Juni, baridi imetusukuma sote karibu na mbabula (jiko la makaa), akaniangalia kwa ile huruma ambayo vijana huwapa wazee wasiojua kinachoendelea duniani. "Tonton, ile Seeker yako ni ya batoto. Angaria kwanza Wheel of Time, njo utajua."

Nikaiangalia. Yote: misimu 3, epizodi 24. Ilinichukua karibu miezi miwili, na ucheleweshaji mwingine wala haukuwa kosa la tamthilia.

Kwanza mjue anayehukumu ni nani. Mwaka 2010 na 2011 nilikuwa na kibanda cha kuazimisha DVD, si mbali na soko la Kenya. (Wasomaji wa Nairobi na Mombasa msishtuke: Kenya ni komini ya hapa Lubumbashi, nchi yenu hatujaigusa.) Diski zilitoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zimefungwa nailoni, msimu mzima umebanwa ndani ya diski moja au mbili. Mtu akipita gizani humwoni mtu, unaona vigae vyeusi vinahama. Jaladani palikuwa na upanga, joka, na dada mmoja mrembo ambaye hayumo kabisa katika hadithi. Na hakuna diski niliyoazimisha kuishinda Legend of the Seeker. Faranga 300 kwa usiku, ukichelewa kurudisha unalipa usiku wa pili. Ilibidi nifungue daftari ya zamu, na niliwahi kuwaamua baba wawili wenye wake na watoto wakigombania mstari mmoja wa daftari ile. Kwa hiyo mnisikilize kama mnavyomsikiliza muuza unga akisifu unga wake.

Kwa asiyeijua, Seeker ilianza Novemba 2008 na kuisha Mei 2010, epizodi 44, imetoka kwenye vitabu vya Terry Goodkind. Kijana wa porini, Richard, anapewa Upanga wa Ukweli na mchawi mzee Zedd, mtu mwenye njaa ya kudumu, wapambane na mtawala katili aitwaye Darken Rahl. Pamoja nao kuna Kahlan, Konfesa, ambaye akikukaba shingo macho yake yanakuwa meusi na wewe umekwisha: utampenda, utamtii mpaka kufa. Waliopatwa hupiga goti na kusema "Command me, Confessor."

Maneno hayo matatu yaliingia mitaani kwetu kuliko somo lolote la Kiingereza. Watoto wa lupango letu, yaani ua wetu, waliyageuza mchezo: ukishikwa shingo unapiga goti, unasema "Komandi mi, Konfesa," kisha unafanya unachoambiwa. Dada mkubwa wa lupango alielewa faida yake mapema kuliko wenzake. Kwa wiki nzima hakuchota maji. Alikuwa anakaa kwenye kigoda chake, anakaba shingo moja baada ya nyingine, na ndoo zinajaa.

Lakini nilichokuja kukielewa mwaka huu, baada ya kuiangalia hiyo nyingine, ni kwamba Seeker ilitushika kwa namna ilivyokatwa vipande. Kila epizodi ni kisa kamili. Wanafika kijijini, kuna shida, wanaitatua au inawaponyoka, wanaendelea na safari. Sisi tulikuwa watu wa delestaji, kukatiwa umeme kwa zamu, na bado ndio sisi. Kuran (umeme) ikikatika dakika ya 30 umepoteza nusu ya kisa kimoja, basi. Kesho unaanza kingine. Mama jirani anayeuza makaa aliweza kuingia katikati, akauliza "mubaya ni nani?", akaonyeshwa, akavuta kiti. Baada ya dakika tano anamtukana Rahl kama vile wanadaiana.

Sikatai udhaifu wake. Kuna epizodi ambazo ningeziruka hata leo. Msitu ni ule ule wa New Zealand, kuna miti nilishaanza kuitambua. Walioitengeneza, Sam Raimi na Robert Tapert, ndio waliotuletea Xena miaka ya 1990 kutoka nchi hiyo hiyo, na mkono ule unaonekana: watu wanapigwa teke wanaruka kama magunia.

Sasa Wheel of Time. Vitabu vyake ni 14, cha kwanza kilitoka 1990. Mwandishi, Robert Jordan, alifariki 2007 na Brandon Sanderson akavimalizia. Tamthilia ilianza Novemba 2021. Mwanamke aitwaye Moiraine, mmoja wa Aes Sedai, wanawake wanaovuta nguvu za uchawi, anafika katika kijiji cha milimani kutafuta kijana mmoja ambaye ama ataiokoa dunia ama ataivunja. Hajui ni yupi. Na mwanamume akiigusa nguvu hiyo, mwisho wake ni kurukwa na akili. Wazo zuri sana hilo. Picha ni safi, pesa zinaonekana, milima na majumba yamepigwa kuanzia Jamhuri ya Czech hadi Moroko. Ukishazoea vigae vyangu vyeusi vya Kasumbalesa, unaweza kulia.

Mke wangu alivumilia epizodi mbili. "Bantu ni bengi sana mu hii filme, sijue nani ni nani," akasema, akaenda kulala. Sikuwa na la kumjibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaandika majina nyuma ya risiti ya unga.

Tulikuwa tunaiangalia kwa simu ya mpwa, kwa akaunti ya shemeji aliyeko Johannesburg. Tunapakua usiku kwa mega za intaneti za usiku, tunaangalia kesho yake. Usiku mmoja upakuaji ulifika asilimia 91, mega zikaisha zote, na nilikuwa nimenunua za kutosha epizodi mbili. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikachezewa muziki mpaka yuniti nazo zikaisha. Na hapo ndipo tofauti ilinibana: epizodi ya Wheel ukiikosa, inayofuata ni kama kuingia kwenye kikao cha ukoo siku ya tatu. Kila mtu analia, wewe hujui mahari ilikuwa ya nani.

Msimu wa kwanza unachechemea. Korona ilisimamisha upigaji picha, na mwigizaji wa Mat, mmoja wa vijana wa kijiji kile, Barney Harris, akaondoka kabla hawajamaliza. Ukijua hilo unaelewa kwa nini Mat anaachwa mlangoni wenzake wanapoendelea na safari, na kwa nini epizodi ya mwisho ina harufu ya bukari (ugali) iliyopikwa kwa haraka, juu imeiva, ndani unga. Msimu wa pili Mat anarudi na sura nyingine, ya Dónal Finn. Mpwa anasema huyu wa pili ni bora. Ni kweli, ila nilihitaji epizodi nzima kumsamehe kwa kutokuwa yule wa kwanza.

Sasa nisimame hapa kidogo, kwa sababu zote mbili zina kisa kinachofanana na kinaweza kupimwa kwenye mizani moja.

Katika Seeker, epizodi ya 8 ya msimu wa kwanza, Richard anakamatwa na Denna, mmoja wa wanawake waliofunzwa kuvunja watu. Ana fimbo fupi ya ngozi nyekundu, agiel, ambayo ikikugusa unapiga kelele, na inamuumiza hata yeye anayeishika. Richard ananing'inia kwa minyororo. Siku niliyoiweka kibandani kuijaribu, wapita njia walisimama mpaka barabara ikaziba. Inatisha. Lakini epizodi ikiisha, yameisha. Wiki ijayo Richard anatembea msituni, mabega mazima, anamtania Zedd.

Katika Wheel, msimu wa pili, Egwene, msichana wa kijiji kile cha milimani, anakamatwa na Waseanchan, watu wa ng'ambo ya bahari wanaowavika wanawake wenye nguvu kola shingoni na kuwatumia kama silaha. Mfunzaji wake anaitwa Renna. Anamwamuru kitu kidogo: mimina maji. Jagi lipo mezani, bilauri ipo. Egwene ananyoosha mkono na maumivu yanampiga, hawezi kuligusa. Kwa nini? Kwa sababu moyoni ameshaliona jagi lile kama kitu cha kumpasua nacho Renna kichwa, na kola haimruhusu kugusa silaha. Ili alishike ni lazima kwanza aache kutaka. Hakuna damu, hakuna anayening'inia. Ni msichana na jagi la maji. Mpwa wangu alikuwa ameshaiona mara mbili na bado alijifunika kitenge usoni. Na kisichotokea katika Seeker kinatokea hapa: msimu wa tatu Egwene bado anaamka usiku kwa hofu.

Hapo Wheel imeshinda. Nilimwambia mpwa hivyo, akaandika tarehe kwenye simu yake ili nisije nikakana.

Halafu kuna epizodi ya 4 ya msimu wa tatu. Rand, yule kijana, anaingia Rhuidean, mji wa jangwani, na kila hatua anayopiga kati ya nguzo za kioo anakuwa mmoja wa mababu zake: kwanza aliye karibu, kisha baba wa huyo, kisha babu, anarudi nyuma vizazi kwa vizazi. Josha Stradowski anawaigiza yeye mwenyewe, sura ikibadilishwa. Waaiel, watu wa kabila lake, ni wapiganaji wakali kupita wote. Na kadiri anavyorudi nyuma anagundua kwamba mababu hao hao waliapa kutoshika silaha maishani mwao.

Katika mji huu nadhani kila mmoja ana Rhuidean yake. Babu yangu aliletwa kutoka upande wa Lomami kufanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi, ile iliyotaifishwa 1967 na leo inaitwa Gécamines. Baba alizaliwa kambini. Mimi ninapoulizwa "baba yako ni wa wapi?" nataja kijiji ambacho sijawahi kukanyaga, na najua kabisa kwamba hata hicho kina mtu aliyetoka kwingine. Epizodi ile ilipoisha tulikaa kimya, makaa ya mbabula yameshakuwa majivu, na mpwa akaniuliza jina la baba wa babu. Nikalitaja. Baba wa huyo? Sikulijua. Seeker, kwa mapenzi yote niliyo nayo, haijawahi kunifikisha hapo.

Basi mbona nasema hajanyang'anywa kiti? Kwa sababu kilele hicho kiko katika epizodi ya 20. Watu wangapi wa mtaa wangu watapanda mpaka huko, kwa mega, kwa delestaji, wakisubiri karibu miaka miwili kutoka msimu wa kwanza hadi wa pili, wamesahau nani alimfanya nini nani? Epizodi 8 kwa msimu ni chache mno kwa wahusika wengi kiasi kile. Hakuna jioni ya kukaa nao bure, kumwona Zedd akitafuta chakula tu. Watu unawapenda katika epizodi zisizo na maana, na Wheel haikuwa na nafasi ya epizodi zisizo na maana.

Kisha wakaikata. Msimu wa tatu uliisha Aprili 2025, Mei ikatangazwa kwamba hakuna wa nne. Ilikuwa imefika takriban kwenye kitabu cha 4 kati ya 14. Seeker nayo ilikatwa baada ya misimu miwili, haki isemwe, lakini msimu wake wa pili unafunga mlango: safari ya kutafuta Jiwe la Machozi inafika mwisho, na suala la Richard na Kahlan, ambao mguso wao ulikuwa hatari, linapata jibu. Jibu lenyewe mimi nililipata kwa kuchelewa. Diski yangu ya mwisho ilikuwa na mkwaruzo, inagoma dakika kumi kabla ya mwisho, kila mara pale pale, na wateja walinidai faranga zao. Nilikuja kuziona dakika hizo kumi mwaka 2016 kwenye intaneti. Miaka mitano nilikuwa najua kwamba mwisho upo mahali fulani, ni mimi tu sijaufikia. Mashabiki wa Wheel hawana hata mkwaruzo wa kuulaumu.

Ukiuliza uanze na ipi: kama una kuran ya kuaminika na subira, Wheel, na usiihukumu kabla ya msimu wa pili. Kama nyumba yako imejaa watu wanaoingia na kutoka, tafuta Seeker.

Mpwa, yeye, amekataa kukubali kwamba imeisha. Amepata kitabu cha kwanza kwa Kifaransa kwenye simu, anakisoma akiwa amelala kifudifudi huku akisubiri maji yachemke. Juzi akainua kichwa. "Tonton, humu Mat ni yule wa kwanza ao wa pili?"