Kivinjari kwenye XO-1: uzoefu wangu na kompyuta ya mtoto yenye RAM ya MB 256

Nianze na hukumu yangu, ili asiye na muda asome aya hii tu aende zake. XO-1 bado inafaa kwa kusomea. Kivinjari chake cha asili, Browse, ndicho kinachoifaa kuliko vingine nilivyojaribu humo, mradi kurasa unazofungua ziwe zimeandaliwa kwa kumfikiria mtu mwenye mashine kama hii. Ukikipeleka kwenye intaneti ya leo jinsi ilivyo, kinakata pumzi mlangoni.

Kwa wasioijua, XO-1 ni ile kompyuta mpakato ndogo ya kijani na nyeupe yenye antena mbili zilizosimama kama masikio, iliyotoka katika mradi wa One Laptop per Child ulioasisiwa na Nicholas Negroponte. Ilitangazwa mwaka 2005 kwa ahadi ya dola 100, ikaanza kutoka kiwandani kwa wingi Novemba 2007 kwa bei iliyokaribia dola 188. Ndani ina prosesa ya AMD Geode ya MHz 433, RAM ya MB 256 na hifadhi ya flashi ya GB 1. Hakuna diski inayozunguka. Zilizo mikononi mwangu ni za mkono wa pili, na wanaozitumia ni watoto wa kikundi cha kusoma ninachokisaidia. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha zinawaka na zinasomeka.

Watu wengi wakisikia "kivinjari cha mashine dhaifu" wanafikiria jambo moja tu, yaani programu iwe nyepesi. Ni kweli kwa nusu. Dillo, kwa mfano, ni nyepesi kupita zote nilizojaribu. Inafunguka kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Lakini haijui JavaScript, lugha inayoendesha sehemu hai za kurasa, na haijui chochote kuhusu kioo cha XO wala vitufe vyake, kwa hiyo mtoto anaachiwa ukurasa wa haraka asioweza kuusoma. Wepesi bila kuitazama mashine yenyewe haukunisaidia sana.

Na mashine hii ukiitazama, kioo ndicho kinachoanza kukudai. Kioo hicho ni kazi ya Mary Lou Jepsen, na kina inchi 7.5 kwa mshazari na pikseli 1200 kwa 900. Hizo ni pikseli 200 katika kila inchi, wakati watengeneza tovuti kwa miaka mingi wamezoea kupiga hesabu za pikseli 96. Chukua maandishi ya kawaida ya pikseli 16. Kwenye kioo cha 96 yanapata kama milimita 4, kwenye XO yanabaki milimita 2. Mtoto anainama mpaka pua inakaribia kibodi. Ukikuza maandishi peke yake unaharibu zaidi, kwa sababu herufi zinanenepa huku visanduku na picha vikibaki vilevile, na menyu inapanda juu ya aya ya kwanza. Dawa ni kukuza ukurasa mzima kwa pamoja, herufi, picha na nafasi zake. Browse imewekewa hesabu ya kioo hiki tangu mwanzo, na ukiifungua kwa mara ya kwanza unaona tofauti bila kugusa mipangilio. Kwa vivinjari vingine nimekuwa nikikuza ukurasa kwa mara moja na nusu. Hapo pikseli 1200 zinageuka upana wa 800 kwa hesabu ya ukurasa, na kurasa rahisi zinakaa humo bila kulazimisha kusogeza kushoto na kulia.

Kuna jambo jingine la kioo hicho ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Ukizima taa yake ya nyuma kinasomeka juani, na hili ndilo linalonifanya niendelee kuzipenda mashine hizi. Lakini juani rangi zote zinaondoka, kunabaki nyeusi, nyeupe na kijivu. Sasa fikiria ukurasa ambao viungo vyake vimetofautishwa na maandishi kwa rangi ya bluu tu, bila mstari chini. Juani hakuna kiungo, kuna aya ya kijivu. Nilimwona msomaji mmoja akipitisha mshale juu ya kila neno, mstari kwa mstari, akingoja aone mahali unapogeuka kuwa mkono. Alikuwa na subira kuliko mimi. Nilichofanya ni kuandika faili dogo la mtindo wa mtumiaji lenye amri tatu: viungo vyote vipigiwe mstari, maandishi yawe meusi, usuli uwe mweupe. Ni kitu cha dakika chache na kimeleta nafuu kubwa kuliko ujanja wote wa kasi niliowahi kufanya. Kivinjari cha Opera cha zamani kilikuwa na mahali pa wazi pa kuweka faili la aina hiyo. Kwenye vivinjari vya jamii ya Gecko, injini ya Firefox ya kuchora kurasa, inabidi uliweke mwenyewe kwenye folda ya wasifu.

Halafu vitufe. XO ina shingo inayozunguka. Unakigeuza kioo, unakilaza juu ya kibodi, na kompyuta inakuwa kitabu. Ni umbo zuri sana la kusomea, ila hapo kibodi na tachipadi vyote vimefunikwa. Kinachobaki pembeni mwa kioo ni kitufe cha mishale upande mmoja na vitufe vinne upande wa pili, vyenye alama za duara, mraba, X na tiki. Mpangilio wake una akili: duara inapandisha ukurasa, X inaushusha, mraba unakurudisha mwanzo, tiki inakupeleka mwisho. Kwa kitabu kirefu cha ukurasa mmoja hakuna zaidi unachohitaji. Kasoro inakuja kwenye kiungo. Unakichaguaje bila mshale wa panya?

Hapa Opera ilinipendeza kuliko kitu chochote. Ilikuwa na uwezo wa kuruka kutoka kiungo hadi kiungo kwa kufuata upande: bonyeza chini, inakwenda kwenye kiungo kilicho chini yake, bonyeza kulia, inakwenda cha kulia. Kwenye kibodi ya kawaida kazi hiyo inafanywa kwa Shift na mishale, na ukiifunga kwenye kitufe cha mishale cha XO, mtoto anazunguka ensaiklopidia nzima kwa kidole gumba kimoja. Vivinjari vingi vina Tab tu, ambayo inapitia viungo kimoja kimoja kwa foleni, na kwenye ukurasa wenye viungo mia utazeeka hapo. Opera pia ilikubali kuzima picha na kuziwasha tena mara moja bila kuingia kwenye mipangilio. Ubaya wake ni kwamba haikuwa programu huria, jambo lililokuwa na uzito katika mradi uliotaka mtoto aweze kuifungua kila programu aone ndani yake, na mwaka 2013 wenyewe wakatangaza kuiacha injini yao ya Presto. Kwa hiyo unachokipata ni kivinjari kizuri kilichosimama palepale.

RAM sasa. MB 256 zinasikika chache, na ni chache zaidi ukijua kwamba mfumo wenyewe pamoja na Sugar, mazingira ya kazi ya XO ambayo sehemu kubwa imeandikwa kwa Python, vinachukua fungu lao kabla kivinjari hakijaamka. Tena hakuna eneo la akiba kwenye hifadhi la kumwagia kinachozidi. RAM ikijaa, Linux inachagua programu ya kuua, na mara nyingi inaanguka ileile iliyonenepa, yaani kivinjari.

Mlaji mkubwa ni picha. Wengi wanaangalia ukubwa wa faili na kutulia: "Ah, MB 2 tu." Lakini faili la picha limebanwa. Ili ionekane lazima ifunguliwe, na kila pikseli inachukua baiti 4. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa inakula MB 48, hata kama ukurasa unaionyesha kwa ukubwa wa stempu. Weka nne kwenye ukurasa mmoja, umemaliza mchezo. Picha hiyohiyo ukiipunguza hadi 800 kwa 600 inakula chini ya MB 2, na kwenye kioo cha inchi 7.5 hakuna mtoto atakayeona kilichopungua.

Kingine ni mazoea ya vivinjari vikubwa ya kuweka kurasa ulizotoka zikiwa tayari zimefunguliwa, ili ukirudi nyuma upate haraka. Kwenye mashine yenye RAM ya kutosha ni ukarimu, hapa ni kujinyonga. Kwenye Gecko kuna mpangilio uitwao browser.sessionhistory.max_total_viewers, ambao nimeuweka sifuri. Kurudi nyuma kumekuwa kwa polepole kidogo, lakini kuganda kumepungua sana. Vichupo (tabs) nimewaambia watoto wavisahau. Matoleo ya mwanzo ya Browse hayakuwa navyo kabisa, na nadhani waliofanya hivyo walijua wanachokifanya.

Browse yenyewe ina mambo ambayo huyapati kwingine. Hakuna "hifadhi faili wapi?" Ukitoka, kazi yako inaandikwa kwenye Jarida, yaani kumbukumbu ya Sugar ya ulichofanya, pamoja na mahali ulipokuwa, na kesho unaendelea. Ulichopakua nacho kinaingia Jarida. Ukiialika mashine jirani, ukurasa uliouweka nyota unaonekana kwa wenzako kama picha ndogo kwenye ukanda wa chini, wanaubonyeza na kuja ulipo. Watoto walilielewa hili bila kufundishwa. Na kibodi ina kitufe cha kuonyesha msimbo wa ukurasa. Wengi wanakibonyeza kwa bahati mbaya na kukifunga haraka, lakini nina mmoja ambaye alianza kubadilisha rangi za ukurasa wake mwenyewe kwa sababu ya kitufe hicho. Tangu hapo siwazuii kukigusa.

Upande wa intaneti ya nje sina habari njema. Prosesa ya Geode haina maagizo ya prosesa yaitwayo SSE2, na Firefox kwenye Linux ilianza kuyadai tangu toleo la 53, mwaka 2017. Haichelewi wala haigandi, inakataa tu kuwaka. Chrome nayo iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016. Kwa hiyo unabaki na injini za zamani, na injini za zamani hazijui matoleo mapya ya TLS, kanuni za kufunga mawasiliano kwa siri, yanayodaiwa na tovuti nyingi sasa. Unachopata ni ujumbe wa kosa la usalama unaomtisha mtoto kana kwamba ameharibu kitu. Wakati mwingine chanzo ni saa ya mashine. Betri ndogo ya saa ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na vyeti vya tovuti vinaonekana kama havijafikia siku yake ya kuanza kutumika. Kabla hujalaumu kivinjari, angalia tarehe.

Hata unapofunguka, ukurasa wa leo unabeba JavaScript nyingi kuliko maandishi. Nimefungua ukurasa mmoja wa habari, aya sita tu, nikakaa nikitazama kioo cheupe mpaka mwenye mashine akaniuliza kama imekufa. Hapo sikilaumu kivinjari. Aliyeandika ukurasa huo hakuwahi kukaa mbele ya MHz 433.

Kwa hiyo mashine zangu hazitoki nje. Zinasoma kutoka kwenye kompyuta moja ndogo iliyo chumbani, inayogawa vitabu, masomo na makala za ensaiklopidia kwa HTTP ya kawaida isiyodai TLS, ndani ya mtandao wa hapohapo. Kurasa ni HTML tupu, picha zote nimezipunguza zisizidi upana wa pikseli 800, na makala ndefu nimezikata sehemu sehemu. Kwa mpangilio huu Browse inafungua ukurasa bila kumfanya mtoto aangalie dirishani. Kwa wasio na seva kuna vifurushi vya Wikipedia vya nje ya mtandao vilivyotengenezwa kwa Sugar, ambavyo vinawasha seva ndogo ndani ya XO yenyewe na kurasa zikaonekana kwenye Browse. Vinachukua nafasi, na kwenye GB 1 utalazimika kuchagua cha kufuta.

Neno kuhusu masasisho. Mwaka 2011 Mozilla iliacha kusaidia upachikaji wa Gecko ndani ya programu nyingine, na watu wa Sugar Labs wakaihamishia Browse kwenye WebKit, injini nyingine ya kuchora kurasa. Ukiweka Sugar mpya kwenye XO-1 utapata Browse hiyo. Inaelewa kurasa zaidi, lakini RAM ni ileile. Mimi kwa mashine za kusomea tu nimebaki na ya zamani, na moja nimeiacha na mpya kwa ajili ya kujaribia kurasa zangu.

Kama bado hujachukua mashine na unaweza kuchagua, tafuta XO-1.5. Sura ni ileile, ila prosesa ni VIA C7 ya GHz 1 yenye SSE2, na RAM inafika GB 1. Mengi niliyolalamikia kuhusu RAM yanapungua, ya kioo na vitufe yanabaki, kwa hiyo lile faili la amri tatu liweke tu. Na kwa barua pepe au jambo lolote lenye nywila ya maana, tumia mashine nyingine. Injini isiyopata viraka vya usalama si ya kuiachia siri zako.