Uzoefu wangu na telegramu: nililipia maneno, nikalipia na anuani

Telegramu, ule ujumbe mfupi tuliotuma posta ukapitishwa kwa waya, naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naizuia kwa sababu ya anuani, na nitalieleza jambo hilo kwa kirefu kwa kuwa mpaka leo linaniuma.

Nilianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1970, nikiwa karani mjini Moshi, wazazi wangu wakiwa kijijini upande wa Mbinga. Anayeijua ramani ya Tanzania anaelewa nasema nini, kwa kuwa Moshi iko kaskazini na Mbinga iko kusini: barua ilipita mikono mingi na mabasi mengi kabla haijafika kule, na wakati wa masika ndiyo usiseme. Telegramu ilipita kwenye waya hadi mjini, na sehemu iliyobaki ikawa ya mguu au baiskeli. Kwa mtu mwenye mama mgonjwa mbali, hakukuwa na njia nyingine.

Dirishani pa posta ulipewa fomu. Uliandika kwa herufi kubwa, neno moja kwa kila nafasi, kisha karani akashika kalamu ya risasi na kuhesabu, akiweka kialama kidogo juu ya kila neno. Alipomaliza alikutajia bei, na hapo ndipo watu walipoanza kufuta. Nimewaona wazee wakirudishiwa fomu, wakasogea pembeni na kuanza kupunguza: "tafadhali" inatoka, "sana" inatoka, salamu za majirani zote zinatoka. Nukta na mkato hakuna aliyejisumbua navyo, kwa kuwa navyo vilihesabiwa. Tarehe na kiasi cha fedha nilishauriwa na karani mmoja makini niviandike kwa maneno badala ya tarakimu. Herufi moja ikikosewa njiani msomaji bado anaelewa neno, lakini tarakimu moja ikikosewa hakuna atakayejua kama imekosewa. Waliopitisha ujumbe kwenye waya wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana walikuwa na desturi ya kuzirudia tarakimu mwishoni mwa ujumbe.

Kiswahili kilitufaa sana pale dirishani. Siku moja nilituma NIMEPOKEA NAFIKA JUMAMOSI NISUBIRINI, nikalipia maneno manne, na nyumbani walijua kila walichohitaji kujua. Kitenzi chetu kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa bei ya neno moja. Ila urefu nao ulikuwa na mpaka. Katika kanuni za kimataifa neno lilihesabiwa kwa herufi kumi, likizidi hapo linakuwa mawili. "Tutawasubiri" ina herufi kumi na mbili, kwa hiyo ni bei ya maneno mawili. "Tutangoja" ina tisa, ni bei ya moja. Nilijifunza kuchagua.

Sasa anuani. Ada ililipwa kwa kila neno, na anuani ya unayempelekea ilihesabiwa pamoja na ujumbe. Chukua ule ujumbe wangu wa maneno manne. Baba hakuwa na sanduku la posta, kwa hiyo nilitaja majina yake mawili, kisha KUPITIA MWALIMU MKUU SHULE MSINGI, kisha jina la kijiji, SLP na namba yake, halafu MBINGA. Hayo ni maneno kumi na moja. Nililipia kumi na moja ili manne yafike! Wakati huohuo, kampuni au wizara ilikuwa imesajili anuani ya simu, yaani ya telegramu: neno moja tu likifuatwa na jina la mji, kwa ada iliyolipwa kila mwaka. Tazama barua za zamani za serikali na za makampuni, juu pembeni utaona "Anuani ya simu" na neno hilo moja ndani ya alama za kunukuu. Aliyemwandikia wizara alilipia anuani ya maneno mawili au matatu. Aliyemwandikia mkulima alilipia anuani ndefu kuliko habari yenyewe.

Wala haikulazimika kuwa hivyo. Uingereza, ambako taratibu hizi tulizirithi, Posta ilipochukua waya kutoka kwa kampuni binafsi mwaka 1870 ilitoza shilingi moja ya kwao kwa maneno 20, na anuani ya mtumaji na ya mpokeaji zilikwenda bure. Mwaka 1885 wakashusha bei hadi peni sita kwa maneno 12, wananchi wakafurahi, lakini kuanzia hapo anuani ikaingizwa kwenye hesabu. Ndipo wafanyabiashara wa kule walipokimbilia kusajili majina mafupi. Utaratibu uliotufikia sisi ulikuwa huo wa pili. Nchi ambayo watu wengi walikuwa wakipokea barua kupitia shule, zahanati, msikiti au misheni ilihitaji ule wa kwanza, na hili nalisema bila kusita.

Kutuma kwa njia ya simu ya mezani ni jambo lingine, na hapo nina sifa tupu. Ofisini kwetu kulikuwa na simu, kwa hiyo ujumbe wa kikazi hatukuupeleka dirishani. Ulimpigia opereta, ukasema unataka kutuma telegramu, ukataja namba yako ya simu, kisha ukasoma polepole. Majina ya watu na vijiji uliyataja herufi kwa herufi, M ya Mwanza, B ya Bukoba, T ya Tabora. Akimaliza kuandika alikusomea yote tangu anuani hadi neno la mwisho, na hakukata simu mpaka umesema ni sawa. Ada iliingia kwenye ankara ya mwezi. Kile kitendo cha kusomewa maneno yako mwenyewe na mtu mwingine kilinifundisha kuandika vizuri kuliko shule, kwa kuwa utata wowote unausikia papo hapo.

Telegramu za nje ya nchi zilihitaji hesabu kidogo. Mdogo wangu alikuwa akisoma Uingereza, na kulikuwa na daraja mbili za kuchagua. Ya kawaida ilikuwa na kima cha chini cha maneno saba. Ya pili ilikuwa barua ya telegramu, iliyowekewa alama LT: ilisubiri waya upungue kazi, ikafika baadaye, kwa nusu ya bei ya neno, lakini ulilipia maneno yasiyopungua 22. Maneno 22 kwa nusu bei ni sawa na maneno 11 kwa bei kamili. Kwa hiyo, ukihesabu pamoja na anuani, ujumbe usiofika maneno 11 ulikuwa nafuu kwa njia ya kawaida, na uliozidi hapo ulikuwa nafuu kwa LT. Tulikuwa tunakusanya habari za familia nzima, harusi, mtihani, mavuno, tukazijaza zote humo.

Daraja ya haraka ilikuwa mara mbili ya bei ya kawaida. Kati ya mji na mji ilistahili. Kwa kijijini sikuwahi kuona faida yake. Uharaka ulikutanguliza kwenye foleni, haukuifupisha njia ya kijijini. Telegramu yangu moja ya haraka ilifika mjini siku ileile, kisha ikalala kwenye sanduku la shule mpaka mwalimu alipopata safari ya kwenda kufungua. Fedha ile ningeitumia kulipia jibu.

Na jibu lililolipiwa ndiyo sehemu bora kuliko zote. Mtumaji alilipa mapema kiasi cha jibu, ikaonyeshwa kwa herufi RP na kiasi chake mbele ya anuani, na mpokeaji akapewa hati ya kutumia kwenye posta kutuma telegramu bila kutoa senti. Baba yangu hakuwa mtu wa kuomba fedha kwa watoto. Ile hati ilimwezesha kunijibu bila kuomba. Mama alipolazwa Peramiho, jibu lake lilinikuta kazini: HAJAMBO AMEKULA USIACHE KAZI. Maneno manne yalitosha kuniondolea mzigo wote.

Watu wa umri wangu wanajua hofu ya ile bahasha. Telegramu nyingi zilizoingia vijijini zilikuwa za ugonjwa na msiba, na wapo waliolia kabla haijafunguliwa. Sisi nyumbani tulikubaliana kwamba ujumbe usio wa msiba uanze na SALAMA, ili mwalimu anapousomea ukoo mzima, neno la kwanza kutoka kinywani mwake liwatulize. Ni neno moja la ziada kulipia, na nilililipia kila mara kwa moyo mweupe.

Huduma hizi zimeisha mahali pengi. Uingereza waliacha telegramu za ndani mwaka 1982, India walifunga Julai 2013, Ujerumani mwisho wa 2022. Lakini karatasi zenyewe bado zimo kwenye masanduku ya wazee, na nawaomba msizitupe. Soma mstari wa juu kabisa, ule wenye jina la ofisi na tarakimu ambao watu huuruka. Una ofisi ilikotoka, idadi ya maneno, tarehe na saa ya kupokelewa dirishani. Ukikuta idadi imeandikwa kwa mkwaju, kwa mfano 18/15, maana yake maneno yalikuwa 15 lakini yalilipiwa 18, kwa sababu baadhi yalizidi urefu. Kisha tafuta muhuri wa ofisi iliyopokea na ulinganishe tarehe. Kama aliyepokea bado yupo, muulize ilimfikia mkononi siku gani, ukaiandike nyuma ya karatasi kwa kalamu ya risasi, pamoja na jina la aliyeileta kama bado analikumbuka.